Mpaka wa Bahari na Mali ya Samaki

Mvuvi atokaye Shimoni au Kipini alfajiri kwa ngalawa yake haoni baharini ukuta, wala boma, wala nguzo ya kumwambia kwamba hapa nchi yake imekoma. Maji ni yale yale, na samaki hawachukui pasi ya kusafiria. Hata hivyo mpaka upo. Umeandikwa katika sheria na kuchorwa katika ramani, na kwa ajili yake mataifa yamegombana, manowari zimegonga meli za doria, miji ya wavuvi imekosa kazi, na mingine imetajirika.

Katika somo hili tutaeleza jinsi mpaka huo ulivyoanza, kwa nini ulisogezwa kutoka maili 3 hata kufika maili 200, na ni wajibu gani unaokuja pamoja nao. Mfano wetu mkubwa tutauchukua katika kisiwa cha Iceland, kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki, kwa kuwa ugomvi wa huko ulizionyesha hoja za pande zote mbili waziwazi. Kisha tutarudi kwetu, maana Kenya ilikuwa na neno lake kubwa katika shauri hili, na wengi wetu hatulijui.

Msomaji na alishike jambo moja tangu mwanzo. Watu wengi hudhani kwamba taifa likiisha kupata bahari yake, basi samaki wamekwisha okoka. Sivyo. Mpaka hauzai samaki. Kazi yake ni kumtaja yule atakayeulizwa samaki wakimalizika.

1. Maili tatu za mzinga

Kwanza na tuelewe kipimo. Maili ya baharini si sawa na maili ya barabarani. Ni mita 1,852. Maili 3 za baharini ni kama kilometa 5 na nusu, maili 12 ni kama kilometa 22, na maili 200 ni kama kilometa 370. Atakaye kuzipima maili 200 kwa nchi kavu, na atoke Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi. Atakapokaribia Sultan Hamud atakuwa amekwenda mwendo huo.

Zamani bahari haikuwa na mwenyewe. Mwaka 1609 Mholanzi mmoja, Hugo Grotius, alitoa kitabu cha kutetea uhuru wa bahari, akisema kwamba bahari haiwezi kushikwa kama shamba lishikwavyo, na kwamba mmoja akiitumia hampunguzii mwenzake. Karibu miaka mia moja baadaye Mholanzi mwingine, Cornelius van Bynkershoek, alifundisha kwamba nchi inamiliki maji ya pwani yake kadiri silaha zake ziwezavyo kufika. Baadaye mataifa mengi yakashika desturi ya maili 3, ambazo watu walizihesabu kuwa mwendo wa risasi ya mzinga. Ndani ya maili 3 palikuwa na mwenyewe. Nje yake palikuwa bahari kuu, na kila taifa lilivua lipendavyo.

Desturi hiyo ilisimama juu ya mawazo mawili: kwamba samaki hawana mwisho, na kwamba mvuvi hana nguvu za kuwamaliza. Hata wataalamu waliamini hivyo. Mwaka 1883, katika Maonyesho ya Uvuvi ya London, mwanachuoni maarufu Thomas Huxley alisema kwamba, kwa namna za kuvua zilizotumika siku zile, samaki wakubwa wa bahari hawawezi kwisha. Maneno hayo ya mwisho wa wazo lake, yaani namna za siku zile, yafaa kukumbukwa, kwa sababu namna za kuvua zilikuwa zikibadilika hata alipokuwa akisema.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 Waingereza walianza kuunda meli za mvuke za kukokota nyavu. Aliyewahi kuvuta juya ufuoni ataielewa kazi yake, ila hapa wanaovuta si watu ishirini, bali ni mashine. Wavu wenyewe ni mfuko mkubwa. Mdomo wake hupanuliwa kwa mbao mbili nzito, nao hukokotwa juu ya sakafu ya bahari kwa kamba za chuma, ukizoa samaki mkubwa na mchanga pamoja. Meli ya namna hii haingojei upepo, na barafu iliyo tumboni mwake humwezesha nahodha kwenda mbali na kurudi baada ya majuma kadhaa, samaki wake wangali wazima. Hapo lile wazo la pili, kwamba mvuvi hana nguvu, lilikwisha kufa. Mpaka wa maili 3 uliendelea kuishi bila msingi wake.

2. Kisiwa kisicho na shamba

Iceland ni nchi ya milima ya moto na barafu. Nafaka hazisitawi vema, misitu ni haba, na madini ya kuchimba ni machache. Mwaka 1950 watu wake wote hawakufika 150,000. Mali yao ilikuwa samaki, na katika miaka ya 1950 karibu sehemu tisa katika kumi za bidhaa walizouza nje zilitoka baharini. Mkuu wa samaki hao ana nyama nyeupe na mdomo mpana. Sisi tutamwita chewa wa kaskazini, maana anamfanana chewa wetu, ingawa si wa ukoo mmoja.

Chewa huyo hukaa katika maji yasiyo na kina kirefu sana yazungukayo kisiwa, juu ya sakafu ya bahari ambayo ni kama mguu wa nchi kavu ulioingia majini. Huko hula, huko huzaa, na huko watoto wake hukua. Chewa jike hutaga mayai kwa mamilioni, lakini ni machache yanayosalimika, na aliyepona huhitaji miaka kadhaa kabla hajazaa. Kwa hiyo samaki mchanga akivuliwa leo, hasara haionekani leo. Itaonekana miaka ijayo.

Meli za mvuke za Waingereza zilifika huko katika miaka ya 1890. Wakati huo Iceland ilitawaliwa na Denmark, na mwaka 1901 serikali za Denmark na Uingereza zilipatana kwamba mpaka wa kuvulia uwe maili 3. Watu wa kisiwa walizitazama taa za meli za kigeni karibu na ghuba zao usiku kucha. Mwaka 1944 Iceland ikawa jamhuri yenye kujitawala, na mwaka 1948 ilitunga sheria ya kuipa serikali yake uwezo wa kuwalinda samaki wa sakafu yote iliyozunguka kisiwa. Sheria ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuitekeleza mbele ya taifa lenye manowari nyingi.

3. Vita vya Chewa

Ugomvi huo ulikuja kuitwa Vita vya Chewa, ingawa hakuna aliyetangaza vita. Mwaka 1951 Mahakama ya Kimataifa iliamua kesi ya Uingereza na Norwei, ikaikubalia Norwei kupima mpaka wake kwa mistari iliyonyooka kutoka rasi hata rasi, badala ya kuifuata kila ghuba. Mwaka uliofuata Iceland ilifanya vivyo hivyo, ikazifunga ghuba zake na kuusogeza mpaka hadi maili 4. Wenye meli wa Uingereza wakakataa samaki wa Iceland wasishushwe katika bandari zao. Iceland haikufa njaa. Iliwauzia Warusi samaki wake, na mwaka 1956 marufuku ile iliondolewa.

Tarehe 1 Septemba 1958 Iceland ilitangaza maili 12. Uingereza ilipeleka manowari kuzilinda meli zake, nazo zikavua katika sehemu zilizopangwa, kama ng'ombe walio zizini. Bali samaki hawakupangwa, na si kila siku walipatikana mahali penye ulinzi. Mwezi wa Machi 1961 mapatano yalifanywa, na Uingereza ikaukubali mpaka wa maili 12, meli zake zikipewa muda wa miaka mitatu kuendelea kuvua katika baadhi ya sehemu za nje.

Mara ya pili ilikuwa 1 Septemba 1972, na safari hii zilitangazwa maili 50. Walinzi wa Iceland walikuwa na meli chache ndogo, lakini walikuwa na chombo kipya, nacho ni chuma chenye makali, kilichoburutwa nyuma ya meli kwa kamba. Kilipopita juu ya kamba za wavu wa Mwingereza kilizikata, wavu ukabaki chini ya bahari pamoja na samaki wake. Meli ziligongana mara nyingi. Mwaka 1973 fundi mmoja wa Iceland alikufa kwa umeme alipokuwa akiitengeneza meli yake iliyoharibika kwa kugongwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule mapatano yalifanywa kwa miaka miwili, Waingereza wasivue zaidi ya tani 130,000 kwa mwaka. Mwaka 1974 Mahakama ya Kimataifa ilisema kwamba Iceland haikuwa na haki ya kuwafukuza Waingereza kwa amri yake peke yake, na kwamba pande zote mbili ziliwajibika kukaa na kupatana, zikikumbuka uhai wa samaki.

Mara ya tatu ilikuwa Oktoba 1975, na maili zikawa 200. Ugomvi ukawa mkali kuliko zamani, hata Februari 1976 Iceland ikavunja ubalozi na Uingereza. Nchi zote mbili zilikuwa wanachama wa umoja wa NATO, na Iceland ikatishia kuifunga ngome ya Keflavik, iliyotumiwa na majeshi ya Marekani. Tarehe 1 Juni 1976 mapatano yalifanywa mjini Oslo. Waingereza waliruhusiwa meli 24 tu kwa siku, kwa muda wa miezi sita. Miezi hiyo ilipokwisha, na ruhusa ikaisha.

4. Hoja za pande mbili

Si haki kuisimulia habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa wezi na wa pili wa watakatifu. Tuzisikilize hoja zao.

Waingereza walisema hivi: Wavuvi wetu wamevua katika maji ya Iceland tangu karne ya 15, na desturi ndefu ni haki. Sheria ya bahari ni ya mataifa yote, haiwezi kubadilishwa na mmoja anapoamka asubuhi. Tena Hull, Grimsby na Fleetwood ni miji iishiyo kwa samaki, na huko pia kuna wake na watoto. Kama samaki wanapungua, na tukae mezani tupatane kiasi cha kuvua.

Watu wa Iceland walijibu: Ninyi mna makaa ya mawe, viwanda na biashara ya dunia, sisi tuna samaki tu. Samaki hawa huzaliwa na kukua juu ya mguu wa nchi yetu. Mapatano ya mezani tumeyangoja miaka mingi, na kila mwaka nyavu zinaongezeka. Mwenye meli akimaliza samaki hapa atakwenda kwingine, lakini sisi hatuna kwingine.

Yafaa msomaji atambue kwamba hoja zote zilikuwa na kweli ndani yake. Hasara ya Waingereza haikuwa ya maneno. Maelfu ya mabaharia na wafanya kazi wa bandarini walipoteza kazi, na meli nyingi ziliuzwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 2000 ndipo Serikali ya Uingereza ilipotangaza fidia kwa mabaharia wale wa zamani, ambao wengi wao walikuwa wazee, na wengine walikwisha kufa. Tena tuone ajabu nyingine: tarehe 1 Januari 1977 Uingereza yenyewe, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Ulaya, ilitangaza mpaka wa kuvulia wa maili 200. Hoja iliyoipinga miezi michache nyuma ikawa ndiyo hoja yake.

5. Baada ya ushindi

Hapa ndipo somo letu linapoanza hasa. Mwaka 1975 wataalamu wa Iceland walikuwa wameonya kwamba chewa wanavuliwa kupita kiasi, na serikali ikaitumia hoja hiyo kuwaondoa wageni. Wageni wakaondoka. Je, samaki wakapumzika? La. Wenyeji waliagiza meli mpya, kubwa na zenye nguvu, nao wakajaza nafasi iliyoachwa. Mwaka 1981 walivua zaidi ya tani 450,000 za chewa. Miaka miwili baadaye hawakupata hata tani 300,000.

Serikali ikaona kwamba sasa hakuna Mwingereza wa kulaumiwa. Tangu mwaka 1984 ilianza kuwekea kila meli kiasi chake cha kuvua, baada ya wataalamu kupima samaki waliomo. Mpango huo umeleta manung'uniko mengi, kwa sababu viasi hivyo vilikuja kuuzwa na kununuliwa, na vijiji vingine vidogo vikajikuta havina haki ya kuvua samaki walio mbele ya milango yao. Lakini chewa wa Iceland hawakumalizika.

Huko Kanada mambo yalikuwa mengine. Mbele ya jimbo la Newfoundland kulikuwa na chewa wengi mno, waliovuliwa tangu karne ya 16. Katika miaka ya 1960 meli kubwa za kigeni, zenye viwanda vya kugandisha samaki ndani yake, zilifika huko, na mwaka 1968 jumla ya samaki waliovuliwa ilipita tani 800,000. Mwaka 1977 Kanada ilitangaza maili 200, ikawaondoa wageni wengi, na wenyeji wakafurahi. Kisha nao wakaunda meli na viwanda, wakaamini hesabu zilizosema kwamba samaki wanaongezeka. Wavuvi wadogo wa ufuoni walilalamika kwamba samaki wanapungua na wanazidi kuwa wadogo, lakini sauti yao haikutiliwa maanani upesi. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ikaamuru uvuvi wa chewa huyo usimame. Watu kama 30,000 walikosa kazi. Ilitarajiwa kwamba katazo hilo litadumu miaka miwili. Lilidumu zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 2024 ndipo uvuvi wa biashara uliporudishwa, nao kwa kiasi kidogo.

Mpaka ulikuwa ule ule wa maili 200. Kisiwa kimoja kilijizuia kabla samaki hawajakwisha, jimbo jingine halikujizuia mapema. Tofauti haikuwa katika ramani.

6. Hesabu ya frasila

Huenda msomaji atauliza: Watu wenye elimu wanawezaje kudanganyika hata samaki wakaisha mbele ya macho yao? Tutoe mfano wa kubuni, mwepisi kufuata.

Tuseme kijiji kina ngalawa 10, na kila ngalawa huleta frasila 4 za samaki. Jumla ni frasila 40. Vijana wanaona faida, wanaunda vyombo. Sasa ngalawa ni 20, na kila moja huleta frasila 2 na nusu. Jumla ni frasila 50. Karani anayeandika jumla peke yake atasema uvuvi umesitawi. Lakini mvuvi mwenyewe anajua kwamba sehemu yake imepungua. Zikiisha kuwa ngalawa 30, kila moja italeta frasila 1 na nusu, na jumla itakuwa frasila 45. Sasa vyombo vimezidi, gharama zimezidi, na samaki wamepungua kwa wote. Jumla ilikuwa imeficha ugonjwa.

Kwa hiyo mambo matatu hayana budi kuandikwa: samaki waliovuliwa, vyombo na saa zilizotumika kuwavua, na ukubwa wa samaki wenyewe. Wataalamu huweza pia kujua umri wa samaki, kwa maana ndani ya kichwa chake mna vijiwe vidogo vya masikio, na kijiwe kikikatwa huonekana pete za miaka, kama zionekanavyo katika shina la mti. Samaki wazee wakikosekana, na wavuni wakaja wachanga watupu, hiyo ni dalili ya hatari hata kama vikapu vimejaa.

7. Neno la Kenya

Sasa na turudi kwetu. Wakati Iceland ilipokuwa ikigombana na Uingereza, mataifa yalijaribu kupatana juu ya mpaka mmoja. Chile, Peru na Ekwado zilikuwa zimekwisha tangaza maili 200 mwaka 1952. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Geneva wa mwaka 1958 haukuweza kukubaliana juu ya upana, na ule wa 1960 ulishindwa kwa upungufu wa kura moja tu. Mataifa makubwa ya baharini yaliogopa kwamba mipaka mipana ingezuia meli zao kupita. Mataifa mapya ya Afrika na Asia yaliona jambo jingine: uhuru wa bahari ulikuwa uhuru wa mwenye meli. Asiye na meli alikuwa huru kutazama.

Aliyeleta njia ya katikati alikuwa mjumbe wa Kenya, Bwana Frank Njenga. Mwaka 1971, katika mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika uliofanywa Colombo, aliitoa fikira ya eneo maalumu la uchumi. Mwezi wa Agosti 1972 Kenya iliipeleka kwa maandishi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Maana yake ni hii: nje ya maji yake ya maili 12, hata kufika maili 200, nchi ya pwani iwe na haki juu ya mali, yaani samaki na vilivyomo chini, lakini meli za mataifa yote ziendelee kupita kwa uhuru. Hivyo mwenye pwani alipata mali yake, na msafiri hakufungiwa njia.

Tarehe 28 Februari 1979 Kenya ilitangaza eneo lake la maili 200. Mnamo 10 Desemba 1982, Montego Bay katika nchi ya Jamaika, Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari yalitiwa sahihi, na fikira ile ilikuwa ndani yake. Kenya iliyathibitisha mwaka 1989, nayo yakaanza kutumika ulimwenguni 16 Novemba 1994. Basi sheria ambayo leo huwapa mamia ya mamilioni ya watu wa pwani haki ya samaki wao, sehemu yake moja kubwa ilipita mikononi mwa Mkenya.

Lakini tusome pia upande wa pili wa karatasi. Mapatano hayo yanaiamuru nchi ya pwani ipime ni samaki wangapi wanaweza kuvuliwa bila kuharibu uzao, na ihakikishe kwamba kiasi hicho hakipitwi. Ikiwa nchi haiwezi kuvua kiasi chote, yaliyozidi na iwape wengine kwa mapatano. Haki na wajibu vimeandikwa katika karatasi moja.

Kwetu wavuvi wengi huvua karibu na mwamba kwa ngalawa, mitumbwi na mashua ndogo. Jodari wa maji makuu wamevuliwa zaidi na meli za kigeni zenye leseni, na jodari huyo huhama kutoka bahari ya nchi moja hadi ya nyingine, hata hapana taifa liwezalo kumlinda peke yake. Ndiyo sababu nchi za Bahari ya Hindi zina tume ya pamoja ya jodari, yenye makao yake Shelisheli. Kwa ulinzi wa maji yake, Kenya ilianzisha kikosi cha walinzi wa pwani mwaka 2018.

Tena kuna mipaka iliyo ndani ya mpaka. Katika ghuba ya Ungwana, meli za kukokota kamba ziligombana kwa miaka mingi na wavuvi wadogo waliolalamika kwamba nyavu zao zinakatwa na samaki wachanga wanatupwa wakiwa wamekufa. Mwaka 2006 uvuvi wa kukokota ulisimamishwa huko, na baadaye ukawekewa mpango. Ukitazama vizuri, utaona kwamba ni Vita vya Chewa vile vile, ila pande zote mbili zilikuwa ndani ya nchi moja. Wala mvuvi mdogo naye hakuachwa bila kuulizwa: mwaka 2001 juya lilikatazwa, kwa kuwa macho yake madogo huzoa wachanga na mguu wake huharibu matumbawe na nyasi za bahari.

Ndugu zetu wa Ziwa Viktoria wanalijua jambo hili pia. Sehemu ya Kenya katika ziwa hilo ni kama sita katika mia tu, nyingine ni za Tanzania na Uganda. Ubishi wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo, ambacho ni jabali dogo tu, ulikuwa hasa ubishi wa sangara walio katika maji yaliyo karibu nacho. Sangara hupita mpakani bila kuuliza. Wakimalizwa upande mmoja, upande wa pili hautafurahi muda mrefu.

8. Mwisho wa somo

Iceland ilishindana miaka ishirini na minne, kutoka maili 4 hata maili 200, na ushindi wake ulimpa mtu mmoja tu wa kulaumiwa, naye ni yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima ya kumiliki. Mtu aliyepanga nyumba huweza kulaumu mwenye nyumba dari likivuja; aliyejenga yake hupanda juu akaziba.

Nasi tunayo bahari ya maili 200, na Mkenya alikuwa miongoni mwa walioitafuta kwa hoja, bila mzinga hata mmoja. Kuilinda si kazi ya meli ya doria peke yake. Ni kazi ya karani wa bandari ya samaki anayeandika uzito wa kweli, ya kikundi cha ufuo kinachokataa wavu wa macho madogo hata kama mwenye wavu ni jamaa, ya mnunuzi asiyechukua samaki mchanga, na ya serikali inayotoa leseni kwa kuwahesabu samaki waliopo, si kwa kutazama fedha zinazoletwa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Mpaka wa maili 3 ulisimama juu ya mawazo gani mawili, na ni nini kilichoyavunja?
2. Kama ungekuwa mvuvi wa Grimsby mwaka 1976, ungeiambia nini serikali yako? Na kama ungekuwa mvuvi wa Iceland?
3. Kwa nini chewa wa Newfoundland walimalizika ingawa Kanada ilikuwa na maili 200?
4. Andikeni hesabu ya ufuo au gati lenu: vyombo vilikuwa vingapi miaka kumi iliyopita, na kila kimoja kilileta nini? Leo je?
5. Ni samaki gani ambaye wazee wenu walimvua kwa wingi na ninyi humwoni tena, au mnamwona mdogo? Mnadhani aliyemmaliza alitoka mbali?